Jiwe Tulilolitafuta Mtandaoni

Ndugu wananchi wa Bweri, natangaza rasmi kwamba leo familia yangu imepata jiwe.

Ngoja nieleze.

Nyangeta, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha kwanza. Kesho anatakiwa asimame mbele ya darasa na kipande cha graniti, aeleze kilitokeaje. Wiki iliyopita alisimama akakosa la kusema, wakamcheka. Hataki tena.

Kitabu hana, simu ninayo. Kwetu mtandao unakamata ukipanda lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, basi tukapanda.

Video ikafunguka. Mwalimu wa nchi ya mbali anasema tafuta graniti karibu na unapoishi.

"Anko, sasa tutaipata wapi?" Machozi yalikuwa karibu.

Jirani yetu, Mama Rehema, alikuwa anaanika dagaa pale chini.

"Mnatafuta nini huko juu?"

"Jiwe, mama."

"Na hilo mlilolikalia ni andazi?"

Tukainama. Madoa meupe, meusi, mengine ya pinki. Yaleyale ya kwenye video.

Mimi jiwe hili nilikuwaga naliona kama kitu kilichonizuia kuchimba choo, basi. Nyangeta aliweka kiganja juu yake, akaanza kueleza bila kuangalia simu: lilikuwa uji wa moto chini ya ardhi, likapoa taratibu sana, ndiyo maana chembe zake ni kubwa.

Sikumsahihisha. Uwezo huo sina.

Nyie wenye mawe uani, mmewahi kuwauliza watoto ni mawe gani?

Kesho anatakiwa kupeleka kipande.

Nyundo hatuna.