Udongo Juu ya Kidonge

Ninaikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, na kila ninapoikumbuka naanza kuviona viganja. Viganja vya mdogo wangu Zaituni vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Tulikuwa tumemlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wamekibeba mabegani, na mbele yetu mto umejaa, maji mekundu yanapita na magogo. Ulikuwa mwaka wa mvua za elinino. Ng'ambo ndiko kwenye njia ya kwenda Nachingwea, hospitali. Zaituni alikuwa amejifungua asubuhi ile mtoto wa kiume, na mtoto hakulia. Damu aliyomwaga haikuwa nyingi. Mkunga alisema hivyo, na mimi niliiona kwa macho yangu, haikuzidi ya mwanamke mwingine yeyote niliyemwona akijifungua. Ila yeye hakuwa na ya kumwaga.

Aliniambia, "Dada, nifunike, nasikia baridi." Nikamfunika kanga yangu. Jua lilikuwa kali. Wanaume wakashusha kitanda wasubiri maji yapungue. Maji hayakupungua, na tulipogeuka kurudi naye kijijini hatukuwa na haraka tena.

Sasa nirudi nyuma nikueleze ilikuwaje, maana watu wa huku ukiwauliza watakwambia ni kazi ya Mungu, basi, wamemaliza. Mimi simalizi hapo. Mungu ana kazi zake na binadamu wana zao, na wengine nawajua kwa majina.

Mimi na Zaituni tuliolewa kijiji kimoja, upande wa Nandagala, Ruangwa, milango yetu inatazamana. Mwaka ule tulibeba mimba pamoja, yeye ya kwanza, amenitangulia miezi miwili, mimi ya tatu. Shule sikusoma sana, niliishia darasa la nne. Lakini kwa Zaituni mimi ndiye niliyekuwa najua. Kama jambo dada kalisema, limekwisha.

Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja, Sista Editha. Alitufunua kope, akachungulia, akasema, "Nyote wawili damu hamna." Akatupa vidonge vyekundu vya kuongeza damu, kimoja mara tatu kwa siku, akaita mwingine. Kwamba vitachafua tumbo, hakusema. Kwamba choo kitakuwa cheusi kama mkaa na si ugonjwa, hakusema. Tulikwenda nyumbani tukavinywa asubuhi, tumbo tupu, kama tulivyozoea kunywa dawa zote.

Zaituni alitapika mpaka akapiga magoti. Siku ya tatu akaja kwangu akicheka, machozi yanamtoka. "Dada, mume wangu kanioa mie au kaoa msumari? Mdomo mzima chuma." Mimi pia nilikuwa nimefunga choo siku nne, siwezi hata kuinama kupalilia. Mama mkwe wake, Bi Somoe, alipokiona choo cheusi akasema hiyo sumu, halafu vidonge hivyo vinakuza mtoto, atakukwama. Akavificha kwenye paa. Bi Somoe naye nampa sehemu yake ya lawama, ingawa amekwisha kufa.

Tukarudi kwa Sista tukamwambia dawa zinatushinda. Kina mama wamejaa kwenye benchi, wote wanasikia. Akasema, "Mimba mnabeba hamji kuniuliza, dawa nikiwapa ndiyo mnaleta malalamiko. Mnataka niwape soda?" Benchi zima likacheka. Zaituni naye akacheka, hakuwa mtu wa kununa. Akasema taratibu, "Sista, kama kuna vingine." Sista akamjibu, "Vingine kavitafute kwa mama yako." Mama yetu alikuwa kaburini mwaka wa pili.

Hapo sasa ndipo ninapoingia mimi, mwanangu, na sitajificha. Unajua wanawake wa huku tukiwa na mimba tunakula udongo wa kichuguu. Mama alikula, bibi alikula. Ukiumega ule wa ndani, ukaukaanga kidogo kwenye kikaango, unatoa harufu ya mvua ya kwanza, na kichefuchefu kinatulia palepale. Nikafikiri, kama udongo unatuliza kichefuchefu cha mimba, utashindwaje na cha kidonge? Nikavishusha vile vidonge kwenye paa la Bi Somoe, nikamwambia mdogo wangu: meza kidonge, tafuna udongo juu yake, shushia na chai ya rangi iliyokolea.

Ikakubali. Hatukutapika tena. Nilijiona bingwa. Kila Jumatatu nilikwenda na jembe dogo kwenye kichuguu nyuma ya mikorosho, najaza kikapu, namkaangia na wake. Vidonge vikaisha, tukaenda kuchukua vingine, na Sista Editha akatazama kopo tupu, akasema, "Ehee, sasa mmekuwa watu." Akaandika kwenye kadi. Midomo yetu ilikuwa na vumbi la udongo, Zaituni hata alikuwa nao shavuni, anautafuna mbele yake. Sista aliona. Akafunua kope, akakuta bado nyeupe, akasema, "Wanawake wa huku ndivyo mlivyo," akafunga kadi.

Miezi mitatu tulifanya hivyo. Zaituni akaanza kupumzika njiani kutoka kisimani, mara mbili, mara nne, halafu akaacha kwenda. Nikamwongezea udongo.

Baada ya mazishi nami nikaanza kuona giza nikisimama. Maji yaliposhuka mume wangu alinipakia kwenye baiskeli mpaka Nachingwea. Kule nilimkuta nesi mtu mzima, Mmakua, wakimwita Mama Rehema. Alinipima damu kwa kutoboa kidole, akapima na choo, akakuta minyoo. Akaniuliza, "Vidonge ulikunywa?" Nikasema vyote. "Ulivinywaje?" Nikamweleza kwa fahari kidogo, sikufichi, nikamweleza udongo na chai.

Aliweka kalamu chini. "Mwanangu, nani alikufundisha hivyo?"

"Mwenyewe."

"Udongo unaishika dawa tumboni, inapita nao, inatoka. Na chai vilevile. Umekunywa miezi yote hiyo na mwilini imeingia kidogo mno." Hakunifokea. Bora angenifokea. Nikamuuliza, "Na mtu mwingine akifanya hivyo, akafa?" Akanitazama, akajua. Akasema, "Mbona hawakukubadilishia? Tumbo likikikataa kidonge kimoja, kipo kingine kilicho laini. Kuna ya maji. Kuna kupunguza, ukaanza na kimoja kwa siku, baada ya chakula. Si lazima mtu ateseke ndiyo dawa ifanye kazi."

Akanipa dawa ya minyoo, na vidonge vya aina nyingine kwenye pakiti ya karatasi, kimoja kwa siku, nile kwanza ugali na mchicha, nikimaliza nile chungwa au embe, chai nisiiguse mpaka muda upite. Siku ya kwanza nilikaa na beseni mapajani nasubiri kutapika. Sikutapika. Nikalilia lile beseni kavu kuliko nilivyolia kaburini.

Mtoto wangu alizaliwa salama. Nilipompeleka zahanati kupimwa uzito, nilikuwa nimeifunga ile pakiti ya karatasi kwenye pindo la kanga. Kabati la Sista lilikuwa wazi. Rafu ya juu ilikuwa na makopo matatu. Maneno yaliyoandikwa ubavuni siwezi kuyasoma, ni ya kizungu, lakini herufi nazijua. Nikaishika pakiti yangu, nikalinganisha moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Zote zilikuwepo, mpaka ya mwisho. Makopo yalikuwa hayajafunguliwa, yana vumbi juu.

Nikamuuliza, "Sista, haya yapo tangu lini?"

Akasema, "Tangu mwaka juzi. Hayo ni kwa ambao tumbo linakataa."

"Zaituni tumbo lilikataa. Alikuja hapa."

Akaendelea kuandika. Akasema, "Hakuniuliza vizuri."

Mwanangu, wewe uliyepewa vidonge vya damu ukavificha chini ya godoro kwa sababu vinakutapisha, nisikilize. Usivitupe, na usivinywe kwa ujanja wako kama nilivyofanya mimi. Rudi kwa aliyekupa, mwambie hasa kinachokusumbua, tumbo, choo, kichefuchefu, na umuulize kwa neno hilihili: kuna aina nyingine? Akikucheka, uliza tena. Akikufukuza, nenda kwa mwingine, hata kama ni Nachingwea kwa baiskeli. Choo cheusi kisikutishe. Udongo uache kwenye kichuguu, chai iache mbali na dawa. Na omba wakupime, usitosheke na kuchunguliwa kope, maana damu inaweza kuwa inaliwa na minyoo au malaria huku wewe unameza vidonge bure.

Mungu akupe damu ya kutosha wewe na utakayemzaa, akupe na mdomo wa kuuliza, na masikio ya kukusikia.

Mimi sehemu yangu nimeisema. Niliuchimba ule udongo kwa mkono huu, na nitaulizwa. Lakini Sista Editha amestaafu, anakaa Nachingwea mjini, ana kibaraza na maua, nikipita na tenga langu la mihogo ananiitikia salamu. Nimemuuliza mara moja tu, nikapewa jibu lile. Sasa namuuliza tena, mbele yenu nyote mnaosoma, na namuuliza pia aliyemweka pale kisha hakurudi hata siku moja kutazama kabati: msichana wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, amesimama mbele ya benchi linalomcheka, amesema "kama kuna vingine". Alitakiwa aulizeje? Nataka nijibiwe.