Kitabu Tulichokigawana kwa Juzuu

Mwaka ule sukari ilipotoweka madukani, Mtoni nzima tulikunywa chai kwa tende. Unamwona mtu mzima na heshima zake anang'ata tende, anapiga funda, anang'ata tena, kama mtoto aliyepewa dawa. Mie muuza vitumbua nilisaga ndizi mbivu nikatia kwenye unga nipate utamu, na wateja wakasema bora hivyo hivyo. Sukari iliporudi hakuna aliyenishukuru.

Ndio mwaka mjukuu wangu alipoleta habari zake za vitabu. Mjukuu wangu ni mwalimu wa sekondari, anakaa Kiwalani, na nikisema mwalimu huwa nasema kwa sauti ili jirani asikie, maana katika uzao wangu wote ndiye wa kwanza kushika chaki. Jumapili moja alikuja akakaa pembeni ya jiko langu, anacheka na simu. Nikamuuliza nani anamchekesha. Akasema yeye na walimu wenzake wamewekeana shindano: mwaka mzima, kila mwezi kitabu kimoja, na viwe vitabu vya kale tu, vile vilivyosomwa kabla mama yake hajazaliwa.

Nikamuuliza mshindi anapata nini.

"Hapati kitu, bibi. Anakuwa amesoma."

Hilo likanikaa kichwani. Watu wazima, wana mishahara, wanashindana bure. Nikageuza vitumbua, nikafikiri, nikamwambia niandike na mie. Alidhani natania. Mie shule niliishia darasa la tatu, mama alipojifungua mapacha akataka mtu wa kumshika mmoja. Lakini chuoni kwa maalimu nilikaa mpaka nikahitimu, nikasoma msahafu mzima kwa sauti nzuri, herufi baada ya herufi, na maana nikawaachia wenye elimu yao. Kwa hiyo kusoma nakujua. Ninachojua mie ni kuanza na kumaliza.

Vitabu vya mwanzo alinichagulia vyembamba. Nilivisoma kwa kidole, mdomo unatembea, na vikaisha. Baada ya Ramadhani akaniletea bonge la kitabu, amelinunua kwa wauza vitabu chakavu, jalada limefifia kama kanga ya kufanyia usafi. Nikakipima kwa mkono. Nikasema huyu mtoto ananikomoa.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa na hitima ya marehemu mume wangu. Kila mwaka tunamsomea, na kila mwaka bi mdogo anakuja kutoka Chanika. Bi mdogo ndiye mke mwenzangu. Mzee alimwoa sisi tukiwa tumeshachoka, akamjengea huko kwenye mashamba ya mihogo, akawa anakwenda zamu kwa zamu. Nilimchukia kwa nguvu nilipokuwa na nguvu. Siku hizi tunataniana.

Asiyejua hitima nimweleze: msahafu una juzuu thelathini, kila juzuu kijitabu chake. Wanawake mnakaa kwenye mikeka, kila mmoja anachukua juzuu yake, mnasoma wote kwa pamoja kila mtu na yake, na kabla wali haujapoa msahafu mzima umekamilika. Thawabu zinamwendea marehemu. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo kazi kubwa inavyokuwa ndogo.

Nikaona, kumbe jawabu ninalo. Asubuhi ya hitima nilichukua wembe nikapasua kile kitabu mgongoni, nikakigawa vipande, kila kipande nikakishona kwa uzi wa godoro. Dua ilipokwisha na pilau ikaliwa, nikawaambia wenzangu wasiondoke, kuna hitima nyingine ndogo ya mjukuu wangu. Nikawagawia. Waliguna kidogo, halafu wakainama. Nyumba ikavuma kama mzinga. Alasiri ikaadhiniwa, kitabu kimekwisha. Nikampigia mjukuu wangu simu nikamwambia kwa maringo aje, wale walimu wake na wajipange.

Akaja. Akatuamkia wote shikamoo, akakaa, akauliza kitabu kinahusu nini.

Hapo ndipo tulipoumbuka. Jirani yangu muuza mkaa akasema kinahusu harusi, harusi nzuri sana, bibi harusi ana miaka kumi na sita. Mwingine akamwambia harusi gani, yule mama ni mjane, tena kafukuzwa. Wa tatu alikuwa bado anafuta machozi kwa sababu ya mtoto aliyezama kisimani, na hakuna mwenzake aliyewahi kumsikia huyo mtoto. Mie katika kipande changu kulikuwa na mwanamke anatembea barabarani, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga, kila anapolala anaupapasa kama upo. Ufunguo wa nini, wa mlango upi, wala sijui. Wakaanza kubishana, huyu anamwita mwenzake mwongo, yule anafungua ukurasa wake atoe ushahidi. Muuza mkaa akasema mtu hawezi kuuawa mume wake kabla hajala hata fungate.

Mjukuu wangu alichukua vile vipande akavipanga mapajani. Alipogusa mgongo uliochanwa alirudisha mkono, kama mtu aliyeshikishwa kuku kanyonyolewa manyoya na bado mzima.

"Bibi," akasema, "kitabu mmekimaliza. Lakini hakuna aliyekisoma."

Wenzangu wakacheka. Mie nilicheka pia, ila usiku ule nilikuwa napapasa ufunguo usio wangu.

Asubuhi nilianza upya, ukurasa wa kwanza. Mchana, wateja wakipungua, nakiweka kitabu juu ya ndoo iliyofunikwa, miwani ya jirani puani, mafuta yanarukia kurasa. Nilisoma taratibu mno. Mjukuu wangu akanijulisha kwamba yeye na walimu wenzake wako kitabu cha nane, mie bado hiki kimoja, kwa hiyo nimeshatoka shindanoni. Nikamwambia waendelee, mie nina shughuli. Nilitaka kujua. Sikuwahi kujua kwamba kutaka kujua kunauma hivyo, kama njaa ya mwezi wa kufunga, unaisikia tumboni lakini huoni aibu.

Nikamjua mtoto wa kisimani kabla hajazama, nikamwonya kwa sauti, mteja akageuka kuangalia nasema na nani. Nikaujua ufunguo: ni wa nyumba ya baba yake yule mwanamke. Baba alimpa mkononi siku ya harusi, akamwambia kaka zako wakikufukuza, mlango huu wako. Na kaka zake walimfukuza kweli. Akazunguka miaka na ufunguo kwenye pindo. Mwishoni nikamfikisha uani kwao, jioni, kaka wamezeeka, nyumba imefungwa. Akafungua fundo la kanga. Akautoa. Akanyoosha mkono kwenye kitasa.

Na uzi wangu wa godoro ukaishia hapo. Kipande cha mwisho hakipo.

Nilipindua godoro, nikapindua kabati. Halafu nikakumbuka: siku ile ya hitima bi mdogo aliondoka kabla mjukuu wangu hajafika, magharibi isimkute njiani, akatia kipande chake mkobani akaenda nacho Chanika. Nikampigia.

"Mh, bi mkubwa," akasema, "kwani leo nani kafa?"

Nikamwambia shida yangu. Akacheka, namjua kicheko chake, kinaanzia puani. Akasema kipande anacho, kakisoma na kukirudia, safari ya nini sasa kutoka Mtoni, mwisho wenyewe mfupi, anikalishe chini hapo hapo kwenye simu anieleze. Basi yule mama alipouingiza ufunguo—

"Usinisimulie. Mwisho mmoja nilishasimuliwa; huu nitaufikia mwenyewe."

Alijua ninasema nini.

Mzee alifia kwake. Ilikuwa zamu yake, sina wa kumlaumu. Nilifika Chanika nikamkuta keshafunikwa, watu wanachemsha maji. Bi mdogo akanivuta chumbani akaniambia kwamba mwishoni alinitaja, alisema mwambieni bi mkubwa, halafu pumzi ikakata. Labda ni kweli. Labda alinihurumia. Na mie nikikasirika huwa nasema labda alinidanganya ili nisimlilie mzee kumzidi yeye. Miaka yote hiyo nimeishi na huo mwisho wa kuambiwa, naugeuza na kuugeuza, hauna ukurasa ninaoweza kuufungua nikaangalia mwenyewe.

Alhamisi nikafunga jiko, nikaenda Chanika. Kumebadilika, kila penye mihogo pana msingi wa nyumba. Nilimkuta barazani anamenya mihogo ya futari ya sunna, maana na yeye siku hizi kashika dini. Kile kipande alikuwa kakifunga kwenye mfuko wa nailoni kama vyeti. Nikanyoosha mkono. Hakunipa.

Akasema na yeye ana shida. Mwisho anao, lakini mwanzo hana. Huyo mama ni nani, ufunguo kautoa wapi, hao wazee uani wanamwogopea nini. Alikuwa anayaota mpaka usingizini, akasema, na hana wa kumuuliza.

Nikamwambia mwanzo nitamletea, asome.

"Mie nisimulie tu," akasema. "Sina kiburi kama chako."

Basi nikamsimulia. Nikachukua kisu kingine nikamenya naye, nikaanza na ile harusi, mkono wa baba, maneno ya baba. Kwa mtoto wa kisimani aliacha kumenya. Kwa kaka zake alitukana tusi ambalo mtu aliyefunga hatakiwi kulitamka, akaomba radhi kwa Mola, akaniambia niendelee. Nilimsimulia vizuri, hilo nalisema mwenyewe. Sikuruka kitu. Nilipomfikisha yule mwanamke mlangoni nikanyamaza, naye akafuta mikono kwenye kanga, akafungua nailoni, akanipa.

Nikasogea penye mwanga, nikavaa miwani. Nikaanza kwa kidole. Yeye akabaki ananiangalia, na kumsoma mtu usoni anajua: kila nilipofika mahali anapopajua, anang'ata mdomo. Kuku wake wakaja wakaondoka. Nilisoma ukurasa, nikarudia, nikafunua. Jua likaanza kushuka nyuma ya msingi wa jirani, herufi zikawa kama sisimizi. Yule mwanamke ameshaugeuza ufunguo. Kitasa kimelia. Ukabaki ukurasa mmoja, tena wa nusu, na kidole changu kikasimama kwenye neno refu, nalivunja vipande, halivunjiki.

Bi mdogo akasogea mpaka bega lake likagusa langu. Hakuwa ananitania tena, sauti ilikuwa ile ya chumbani, ya siku ile.

"Giza linaingia, dada. Imebaki kidogo mno. Ngoja nikwambie tu."

Nikakipeleka kitabu karibu na pua.

"Usinisimulie. Mwisho mmoja nilishasimuliwa; huu nitaufikia mwenyewe."