Chambo cha Manyoya

Manyoya ya ndege yakilowa hunuka kuku aliyetoka kwenye maji ya moto, hata ukiyapaka rangi ya zambarau na kuyafunga kwenye waya wa chuma. Harufu hiyo ndiyo Guangzhou yangu. Ilijaa chumba chetu cha kupanga juu ya maduka ya mtaa wa Yide Lu, ikachanganyika na ya samaki wakavu waliouzwa chini kwa magunia, na asubuhi kabla sijafumbua macho niliapa nipo Kirumba, Mwanza, jirani na soko la dagaa. Kisha nafumbua macho, naona dirisha la watu wengine, uchungu unanipanda. Nilikuwa na miaka kumi, likizo ya Desemba, na sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani kurudi nyumbani.

Sababu ilining'inia ukutani kwenye msumari: gauni jeupe ambalo Mama alininunulia kwenye maduka makubwa ya nguo ya Zhanqian. Mama mdogo Sabina, aliyenilea miaka yote Mama akienda na kurudi China, alikuwa anaolewa mara baada ya Krismasi, na mimi ndiye niliyepangwa kumtangulia kanisani na maua. Sabina alinisuka, alinipeleka kliniki, alinichapa na akanibembeleza. Harusi ile ilikuwa yangu nusu, nyie mnasemaje! Mama aliahidi kwamba akishachagua mzigo mmoja uliobaki, kontena litafungwa nasi tutapanda ndege. Kwa hiyo kila asubuhi niliuliza kama amechagua, naye kila asubuhi alinijibu kwamba haraka haraka haina baraka, mpaka nikaichukia methali yenyewe.

Mzigo uliobaki ulikuwa vyambo bandia vya kuvulia samaki. Si vile vidogo vya kuvulia sato. Vilikuwa vikubwa, virefu kuliko kiganja cha Mama, na mbele ya kila kimoja vibati viwili vya mviringo vilivyozunguka kikivutwa. Bi Lin, mwenye duka tuliyemwita laoban kama tulivyowaita wenye maduka wote, alitueleza kwa kikokotoo, mikono na Kiingereza cha kuokoteza kwamba vilitengenezwa kwa ajili ya samaki wa Marekani aitwaye maski, mwenye mdomo mrefu na hasira za mchawi. Mama akapiga hesabu zake: kinachomkasirisha maski hakitamwacha sangara. Pale Mwanza watu wa maboti wanaovua sangara kwa fimbo walikuwa wanaongezeka, na hakukuwa na duka la kuwahudumia. Alichoka kuuza vitenge sokoni akigombania wateja na wanawake mia. Alitaka duka lake, lenye mlango na kufuli.

Bi Lin alitupa sampuli tatu, akazing'oa ndoana kwa sababu yangu. Moja ilikuwa na nywele za mkia wa mnyama, ngumu kama ufagio. Ya pili ilikuwa na nyuzi za kung'aa, mapambo ya Krismasi matupu. Ya tatu ilikuwa ya manyoya laini ya bata mzinga, yamefura hata ukiyapuliza yanakuchekea. Mama alizipima kwa njia pekee aliyoijua, ile ya kitenge: akazifinya, akazivuta nyuzi, akazilowesha kwenye beseni la kufulia usiku kucha, kisha akazitoa na kuziinua kwenye mwanga aone kama zinachuja rangi. Hazikuchuja. Lakini ile ya manyoya ilitoka imenywea kama kuku wa kijijini aliyenyeshewa, shingo tupu na mifupa. Mama akaitazama kwa huruma, akaiweka pembeni. Ile ya kung'aa ilitoka na umbo lake vilevile. Akasema ndiyo hiyo, kesho tunalipia, keshokutwa tunafunga kontena. Niliruka kitandani mpaka jirani akagonga ukuta.

Mchana ule tulikwenda maduka ya karibu na stesheni ya treni kuulizia nguo za rejareja, na miguu ilipotuchosha tukakaa kwenye bustani yenye ziwa, karibu na daraja dogo la mawe. Mama alivua viatu. Mimi siwezi kukaa. Sikuweza wakati ule na siwezi leo. Nilitoa sampuli kwenye mkoba wake, nikazifunga uzi mmoja baada ya mwingine, nikawa natembea ukingoni nikiziburuta majini. Ya nywele ilikwenda kama kijiti. Ya kung'aa ilijinyoosha, ikalala, ikawa utepe tu unaofuata vibati. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikafunga ya manyoya. Nilipokwenda ilijibana, niliposimama ikafunguka yote, nilipokwenda tena ikajibana. Ilikuwa inapumua. Halafu chini ya daraja kikatoka kivuli kirefu, kikaifuata taratibu mpaka karibu na viatu vyangu, kikageuka.

Nilijua papo hapo nilichokiona, na nilijua bei yake. Bi Lin alishatuambia mapema kwamba ya manyoya haipo ghalani, hufungwa kwa mkono, moja moja, wiki nyingi. Nilizunguka ziwa lile lote nikiwa nimeukunja uzi mkononi, natukana moyoni, namtukana samaki, namtukana bata mzinga. Nilimwona Mama kwa mbali akijikanda nyayo. Alikuwa amechoka sana. Nikarudi nikasimama mbele yake.

"Mama, si hiyo. Ni ya manyoya."

Hakunibishia. Aliinuka peku, akaiburuta mwenyewe, akaja na kivuli kile kile nyuma yake. Akaniangalia muda mrefu, kwa sababu naye alijua nimetoa nini. Kisha akampigia Bi Lin kuagiza ya manyoya. Siku ya harusi nilivaa gauni langu, nikasimama kando ya beseni, nikasikiliza vigelegele vya Mwanza kwenye simu ya Mama. Nililia mpaka kwikwi. Mama naye alilia, ila hakusema pole. Aliendelea kukuna nazi ya wali.

Vyambo vile viliuzika, na duka lina mlango na kufuli hadi leo. Ninaliendesha mimi. Wiki hii nipo Pazhou, Guangzhou ile ile, kwenye kumbi za maonyesho, ambako wauzaji huonyesha vyambo kwenye skrini, samaki wa kwenye filamu wakivirukia, na wakinisikia naomba maji ya kuviburuta hucheka. Nimebakiza vitatu vya kulinganisha, na tanki la majaribio la kiwandani litakuwa wazi wiki ijayo. Mtoto wa Sabina anaolewa Jumamosi. Jana Mama alipiga simu kuuliza kama nimeviburuta, nikamwambia bado, nitachelewa kidogo, harusini waniombee radhi. Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake kelele za Kirumba.

"Sangara hawaolewi, mwanangu," alisema. "Wewe ulikwishakosa moja kwa ajili yangu. Njoo."

Miaka yote ile nilidhani amesahau. Nikaviacha vyambo vitatu juu ya meza ya muuzaji, vikavu, nikaenda kutafuta gauni.