Ewoi, Fundi Aliyeitafuta Sauti Yangu Ndani ya Wimbo

Mpaka saa hii mkono wangu unatafuta namba ya Ewoi, nimpigie nimuulize kama ni kweli Ewoi amefariki.

Ni kweli, ndugu zangu. Jana mchana, Lodwar, baada ya kuugua wiki mbili.

Wengi mlimjua kama fundi wa redio na spika hapa Kakuma. Mimi namjua kwa jambo moja, na lazima nilisimulie leo hata kama machozi yanalowesha hii simu.

Mwaka juzi kwaya yetu ilirekodi wimbo wa kupeleka kwenye mkutano wa kwaya Lodwar. Maiki mbili: kina mama na ngoma upande wa kushoto, wanaume kulia. Mimi niliyeongoza nikasimama katikati kabisa.

Waya wa maiki moja ulikuwa umetafunwa na mbuzi. Ewoi akaunga mwingine haraka haraka, tukarekodi.

Jumapili mwenyekiti wa kwaya akaucheza wimbo kanisani kwa ile spika yetu moja ya bluetooth. Kiitikio kikatoka vizuri, makofi yakapigwa. Ubeti ukafika, na mimi sipo. Ngoma inalia, sauti yangu haipo.

Ubeti wa pili, sipo tena. Watu wakaanza kugeuka kuniangalia.

Mnatujua. Kufika Jumatatu ilishasemwa kwamba Mungu mwenyewe ameitoa sauti yangu kwa sababu ya kitu nilichoficha. Mwenyekiti akaniambia kwa upole nipumzike, nijichunguze, Lodwar ataongoza mwingine.

Sasa niwaambie kitu sijawahi kumwambia mtu. Niliamini. Nilifunga siku tatu nikitafuta dhambi yangu, na ukitafuta hukosi. Nikamwambia Mungu, kama hutaki niimbe, nitanyamaza.

Ewoi hakuamini. Alhamisi asubuhi akanipigia, hata salamu yake ya ejok hakungoja niitikie, akasema njoo kibandani sasa hivi.

Nikamkuta na daftari limejaa mishale. Kumbe alikuwa ameshuku joint stereo, yaani vile simu inavyoufunga wimbo ili upite hewani kwa bluetooth. Alikuwa ameisoma siku mbili nzima. Mimi wa darasa la saba nikavuta kiti.

“Mama Akiru, wachungaji wawili wa mbuzi wakirudi kutoka Lopur, utawaacha wote wakusimulie safari nzima?”

Nikamwambia hapana, nitasinzia.

“Basi. Mmoja anasimulia yale waliyoona wote. Mwingine anaongeza tu pale penye tofauti. Joint stereo ni hivyo. Kushoto na kulia mara nyingi zinafanana, kwa hivyo simu inatuma kinachofanana mara moja, halafu inatuma tofauti. Zikifika, pande zote mbili zinaundwa tena. Nilidhani ndiyo mwizi, lakini haijaiba kitu.”

Kisha akafanya jambo ambalo nikilikumbuka nasisimka mwili mzima. Akazima upande wa kulia: sauti yangu hiyo, safi kabisa! Akazima kushoto, akafungua kulia: niko. Akafungua zote mbili kwenye spika ile moja: nikatoweka.

Nikamwambia arudie. Alirudia mara tano na kila mara tulicheka kama watoto.

Akanieleza kwamba sauti yangu yote ilikuwa imehamia kwenye ile tofauti. Spika moja inajumlisha pande mbili. Mimi wa katikati nilikuwa sawa pande zote, ila upande mmoja ulikuwa umegeuzwa. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wanasukuma mlango mmoja, huyu ndani, huyu nje. Mlango hausogei. Wale wa pembeni kila mmoja alikuwa karibu na maiki yake, hakuwa na wa kumsukuma.

Akaufungua ule waya wa maiki. Nyuzi mbili za ndani zilikuwa zimebadilishana nafasi, na ndizo zilizougeuza ule upande. Ni mkono wake mwenyewe uliozifunga.

Nikamwambia autengeneze tu, turekodi upya, watu watasema Mungu amenisamehe na yataisha. Nani angejua? Kazi ya fundi ni jina lake, na hilo ndilo alilokuwa nalo.

“Wakisema umesamehewa, watakuwa wamesema ulikosa,” akanijibu. “Walikusema mbele ya watu, Mama Akiru. Na mimi nitasema mbele ya watu.”

Akasema. Jumapili alisimama mbele na waya mkononi, akaeleza kosa ni lake, mwanzo hadi mwisho. Kisha akacheza rekodi ile ile, safari hii akiwa ameugeuza upande mmoja kwenye kompyuta ili pande zikubaliane.

Ubeti ukafika, na mimi huyo! Kina mama wakapiga vigelegele mpaka nikashindwa kujisikia mwenyewe.

Mzee mmoja nyuma akasema kumbe wiki nzima tumeuombea waya utubu. Hata mwenyekiti alicheka, halafu akaja akaniomba msamaha.

Lodwar niliongoza mimi. Ewoi naye kwa miezi kadhaa aliitwa Fundi Kinyume, na wateja wengine walivuka barabara kwenda kwa mwenzake. Siku moja nikamuuliza kama anajuta. Akaniuliza kama bado ninaimba.

Leo asubuhi mke wake amenipigia. Jumamosi tunamzika kwao Lokitaung, na anaomba niongoze nyimbo. Nimekubali hata kabla hajamaliza kusema.

Ewoi, sijui sauti itatokaje. Lakini ikikatika katikati ya ubeti, sitatafuta dhambi yangu. Nitajua ni kilio tu, na nitaendelea.

Pumzika mikononi mwa Bwana, ndugu yangu. Wewe lala, sisi tutaimba.