Mama na rauta yangu mpya

Leo Mama amenishangaza, jamani!

Nimenunua rauta soko la Custom asubuhi, kwa sababu saa nane nilikuwa na intavyuu ya kazi mtandaoni. Nikaiweka sebuleni nyuma ya friji. Taa zikawaka vizuri, lakini chumbani kwangu intaneti hakuna!

Mama akasema, "Itoe hapo. Chuma kinazuia mawimbi."

"Mama, hii si redio," nikamjibu.

Akaichomoa. Akaiweka juu ya kabati karibu na mlango wangu, akasimamisha antena. Laptopu ikashika papo hapo.

Nilikuwa nimesahau: kwenye kambi ya wakimbizi kule Kenya, Mama ndiye aliyeendesha redio ya mawasiliano, miaka mingi!

Intavyuu imeenda poa. Nimemwomba msamaha.

"Kwes, vizuri," akasema akicheka. "Sasa nipe paswadi."

Nyinyi mama zenu wako hivi?