Siku Baba Aliponihitimisha Shule

Sisi tuliokuwa darasa la tano meli za kutafuta gesi zilipoanza kuwasha taa baharini, nadhani sasa tuna haki ya kusema enzi zetu. Najua umri bado hauturuhusu. Wengi wetu hatujafika hata thelathini, na wazee wakitusikia tunasema hivyo wanaguna. Lakini mtu akishahamishwa kijiji, akahama tena kwa miguu yake, anaruhusiwa kuzeeka mapema kidogo.

Kijiji chetu kilikuwa kusini ya mji wa Palma, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, na mwendo wa kelele tu kwa pikipiki. Kilikuwa na minazi mpaka uchoke. Baba alikuwa mkwezi, na kwa kuwa alishinda juu kuliko watu wote, habari nyingi zilimfikia yeye kwanza. Meli ya gesi aliiona yeye. Alishuka, akajifuta jasho, akasema baharini kuna nyumba. Watu wakamwambia akae kivulini, jua limempiga. Siku zikapita, wakaja wakubwa na gari na kipaza sauti kututangazia kwamba kuna gesi baharini na maisha yatabadilika. Baba akasema ndiyo nyumba yenyewe, akarudi juu.

Asubuhi tulikula kiporo cha mhogo na chai ya rangi yenye mchaichai, tukaenda shule, au shikola kama tulivyoiita. Tulipanga mstari, tukaimba wimbo wa taifa, kisha tukamwamkia mwalimu kwa Kireno, "Bom dia, senhor professor" kwa pumzi moja, darasa zima, kwa sauti ya kuamsha kuku. Madawati waliyakalia wakubwa. Sisi wengine tulikalia mawe ya matumbawe, na kila mtu alilijua jiwe lake. Darasa lilinuka chaki na dagaa, kwa sababu ukuta wa nyuma ulikuwa na jua zuri na akina mama hawakuona sababu ya kuliacha lipotee. Mapumziko tulicheza mdako na rede, na mpira wa matambara ulipotua kwenye dagaa mchezo ulihamia kwa mwenye dagaa, kukimbizana. Alasiri tulikwenda chuoni kwa maalimu kusoma Kurani. Kule nako tulisoma kwa kuimba, ila fimbo ilikuwa ndefu zaidi. Watoto wa sasa nikiwauliza mbona wamechoka wananijibu kwamba simu imeisha chaji.

Mwalimu wetu wa shikola tulimwita Profesori Anselmo. Huku kwetu kila mwalimu wa serikali ni profesori, hata akifundisha kuhesabu vidole. Alitoka mbali, Zambézia, na Kiswahili chake alijifunzia sokoni, kwa hiyo hata akimwamkia mzee ilikuwa kama anampunguzia bei. Alikuwa mtu mwema. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa kamba sawasawa siku zote, hata mchangani.

Siku moja alirudi kutoka semina ya Palma akiwa amebadilika. Alitueleza kwamba kuanzia siku ile hakuna somo litakalofundishwa bila maisha ndani yake. Stadi za maisha zitatiwa kwenye kila somo, kama chumvi kwenye mchuzi. Tuliitikia, kwa sababu tuliitikia kila kitu.

Basi hesabu zikawa za kugawana mihogo ya kuchemsha. Iliyobaki baada ya kugawanya ilikuwa ya mwalimu, na nikikumbuka vizuri, hesabu zetu zilibakiza sana. Katika sayansi tulijifunza kuchemsha maji ya kunywa, tukayachemsha kwa bidii mpaka yakaisha. Mazoezi ya viungo yakawa kuogelea. Profesori hakujua kuogelea, kwa hiyo alitufundisha akiwa amesimama nchi kavu na viatu vyake, akipuliza filimbi. Filimbi ile ilikuwa na maana ya kurudi. Sisi tulidhani anatusifu.

Katika Kireno tulifundishwa namna ya kuwajibu watu wa gesi siku watakapokuja kuajiri. Jibu lilikuwa "Estou disponível", yaani nipo tayari kwa kazi. Tulilisema tumesimama wima, kifua mbele. Wavulana walilipenda wakawa wanalisema njiani kwa kila mtu. Bibi yangu mzaa baba aliuliza maana yake, akaelezwa, na kwa wiki kadhaa hakuchota maji wala kupasua kuni kwa mkono wake.

Somo lililonipaisha mimi lilikuwa la kazi za mikono. Wazazi walikaribishwa darasani kufundisha wanachokijua. Bibi alikuja akafundisha kusuka ukili, mke wa jirani akafundisha kukuna nazi na kukamua tui bila kuharibu. Vyote nilivijua kabla sijaanza shule. Nilikuwa wa kwanza darasani, na sijawahi tena kufaidi elimu kama nilivyofaidi mwaka ule.

Profesori alifurahi akataka wazazi waone. Akatangaza siku ya maonyesho. Wasichana tuvae leso safi, wavulana wavae kofia. Kwa heshima ya kijiji akamwalika maalimu wa chuoni aombe dua. Wali wa nazi ukapikwa, mikeka ikatandikwa, watu wakajaa. Niliitwa mbele. Nikakaa kwenye mbuzi, nikakuna nazi nikitaja kila kitu kwa Kireno, nikakamua tui, nikaonyesha ukili wangu, kisha nikasoma ukurasa mzima wa kitabu bila kukwama. Akina mama wakapiga vigelegele. Profesori akasimama, akaniwekea mkono kichwani, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mtoto huyu, sasa anajua." Maalimu akaomba dua. Tukala.

Hapo lazima nieleze habari za baba. Shikola hakuwahi kuingia. Alisoma chuoni tu, na chuoni mtoto akimaliza Kurani hukalishwa mbele ya watu akasoma, mwalimu akasema amejua, dua ikaombwa, wali ukaliwa. Kesho yake mzazi humpelekea mwalimu hidaya, na mwalimu akiipokea, mtoto amehitimu, amefunguliwa, haendi tena. Kumrudisha ni kumwambia mwalimu hukumfundisha. Sasa mtazameni baba mkekani siku ile, alichokiona na alichokisikia, mniambie alikosea wapi.

Asubuhi yake alimkamata jogoo wetu mkubwa, akafunga na madafu, akaenda kwa Profesori. Profesori akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akainama. Baadaye alisema alidhani ndio ukarimu wa watu wa pwani. Baba akarudi anang'aa uso, akaniita.

"Mwanangu, umemaliza. Mwenyezi Mungu akubariki. Haya, chukua ndoo."

Nilijua kwamba darasa la tano si mwisho. Lakini nilikuwa mtoto wa kike wa mkwezi, na baba alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu siku hiyo. Ingekuwa anaichukia shule ningepata wa kumkasirikia. Alikuwa anajivuna kwa ajili yangu, anawaambia watu njiani, na kila aliyempongeza alizidi kuufunga mlango. Shangazi yangu wa Mocímboa naye akapata habari. Alikuwa na pacha wachanga na alikuwa anatafuta msichana aliyemaliza masomo. Ikakubaliwa kwamba Ijumaa, baada ya sala, atakuja kunichukua.

Siku zile nilichota maji kuliko nyumba yetu ilivyoyahitaji, kwa sababu kisimani ndiko darasa lilikosikika. Ile "Bom dia" ikipigwa, na mimi nikiitikia peke yangu, kamba mkononi. Bibi akaniuliza namsalimia nani. Nikasema hamna mtu, nikalia, nikamwambia ni moshi. Kisimani hapakuwa na moto.

Alhamisi jioni Profesori alikuja kumtazama mgonjwa. Aliona sijafika siku nyingi akadhani homa. Alinikuta nafagia.

"Mtoto mzima," alimwambia baba. "Kwa nini haji shule?"

"Aje kufanya nini, mwalimu?" Baba alimvutia kigoda. "Si ameshahitimu?"

"Bado. Bado sana."

Baba akacheka kidogo, kama anayetaniwa. "Mwalimu, mwenyewe ulisimama mbele ya watu ukasema anajua. Na jogoo ukampokea."

Profesori akaelezwa habari ya jogoo. Akaelezwa taratibu, tangu mwanzo, na nilimwona anavyobadilika rangi. Akasema basi atamrudisha.

"Yuko wapi?" baba akauliza.

Profesori akatazama viatu vyake. Jogoo alikuwa ameliwa Jumapili.

"Basi tena," baba akasema kwa upole. "Mie siwezi kukuaibisha, mwalimu. Nikimrudisha shule watu watasema profesori hakumfundisha mtoto wa watu. Na shangazi yake anakuja kesho."

Nilisimama na ufagio wangu. Nilikuwa nataka kusema, na mtoto wa enzi zetu hakuingilia maneno ya wakubwa, hata kama maneno yenyewe ni yeye. Siku hizi wanaingilia na bado wanakuona wewe ndiye huna adabu.

Aliyesema ni mama. Alikuwa ndani anapepeta mchele, na hakutoka, alipaza sauti tu nyuma ya pazia.

"Wee ulipohitimu Kurani, si ulirudi chuoni kusoma Maulidi?"

Baba akageuka. "Nilirudi."

"Ulimwaibisha maalimu?"

"Kile kilikuwa kitabu kingine."

Ungo ukanyamaza. Baba akamgeukia Profesori, uso umekunjamana kwa kufikiri. "Mwalimu, darasa la sita ni kitabu kingine?"

Profesori alikuwa mgeni, lakini hakuwa mjinga. "Kingine kabisa," akasema. "Na hiki cha tano, kurasa za mwisho hajasoma."

"Na baada ya cha sita?"

"Cha saba."

"Na baada ya cha saba?"

Profesori akawa mkweli, akavitaja vyote mpaka cha kumi na mbili, akaongeza na chuo kikuu. Baba akageukia banda la kuku. Nadhani alikuwa anawapitia kuku wetu mmoja mmoja. Mwishowe akasema, "Shangazi mtu atafute mwingine."

Sikungoja kuambiwa. Niliuacha ufagio pale pale, nikaenda nyuma ya nyumba, nikacheka na kulia kwa pamoja, na kesho yake jiwe langu nikalikuta limekaliwa na mtu, nikamsukuma.

Yaliyotupata baadaye mnayajua. Kwanza tulihamishwa kupisha mradi, kisha vita vikaja tukakimbia na wengine wote, na kila mmoja wetu ana yake ambayo hapendi kuulizwa. Baba yupo, ila huku bara tulikofikia hakuna minazi, kwa hiyo anashinda chini kama watu wengine na habari zinamfikia zimechelewa. Bibi tulimzika njiani. Profesori Anselmo nasikia alirudi kwao.

Mimi ni profesori sasa. Nafundisha darasa la tatu, na stadi za maisha zimo kwenye kila somo, zimepigwa chapa kwa rangi. Kuna ukurasa wenye picha ya msichana anakuna nazi. Wanafunzi wangu wanauliza amekalia nini. Nikiwaeleza, wananiuliza kwa nini hakununua mafuta dukani. Hakuna mzazi aliyewahi kuja kunishukuru mapema mno.

Kitabu ninakifuata, lakini kila asubuhi, kabla ya hesabu na kabla ya Kireno, nawafundisha kitu ambacho sisi hatukufundishwa. Kila mtoto anasimama, anasema jina lake lote, jina la baba, jina la mama, na kijiji walichotoka wazazi wake, hata kama yeye hajakiona. Wanarudia mpaka wanaweza kuyasema wakiwa wanakimbia, kwa sababu tulipokimbia niliwaona waliopotea, wakashindwa kuyasema. Enzi zetu mtoto akipotea alikuwa hana haja ya kujua hata jina lake. Mtu yeyote njiani alimtazama usoni, akasema huyu wa mkwezi, akamshika mkono, akamrudisha kwao.