Kiganja cha Shangazi

Shangazi yangu, dada yake baba, alirudi kutoka kliniki ya sukari na kipimo kimoja kichwani: ugali ngumi, nyama kiganja bila vidole. Nesi alimwambia kila mtu apime kwa mkono wake mwenyewe. Ugonjwa ni wake, lakini jioni ile ile akaamua tupungue wote wawili, maana mimi, kwa maneno yake, nanenepa kama ndama anayelishwa ndani.

Nilikuwa likizo, kidato cha tatu. Shangazi ana mkono wa mtu aliyelima na kukamua ng'ombe tangu utotoni. Kiganja chake ni sahani ndogo. Changu nimerithi kwa mama, kidogo kama cha mtoto. Na hapa kwetu Magamba shangazi akiwepo ndiye anayegawa nyama. Hata mama hamnyang'anyi upawa.

Ningevumilia. Ila Jumapili walikuja wageni kutoka Kasokola. Shangazi akaushika mkono wangu, akaukunjua mbele yao kama bidhaa.

"Nyie oneni kiganja hiki. Sasa nyama hii imezidi."

Akachukua kipande kwenye sahani yangu, akakirudisha chunguni. Mgeni mmoja akacheka, akasema, "Mwache mtoto ale."

"Mtoto gani, bonge hili?"

Nilinyanyuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Mimi si mtu wa kujibu. Darasani hata jibu nikilijua nainama. Lakini pale kwenye beseni niliapa kwamba kipande kile kitamtokea puani.

Nikaanza kumchunguza. Nyama yake ilikuwa na upana wa kiganja, sawa, lakini unene wa tofali. Ugali aliushindilia ukiwa bado wa moto, mpaka ngumi moja ikabeba ngumi mbili. Mchana anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na nikimwangalia ananiambia, "Hii ya kuchangamsha mdomo tu, siyo chakula." Wakati shuleni tumefundishwa kabisa kwamba ni wanga ule ule. Nilisubiri.

Siku ya kliniki mama alikuwa shambani, nikamsindikiza mimi. Bodaboda moja, yeye kajaza kiti, mimi nusu niko hewani. Nesi alimpima, akakunja uso.

"Mama, sukari imepanda. Unakula vipi?"

"Kiganja, mwanangu. Muulize huyu, ndiye shahidi wangu."

Alijua nitainama. Na kweli niliinama, benchi zima la akina mama likisikiliza. Ila nilikunjua kiganja cha kushoto, nikasimamisha ngumi ya kulia juu yake.

"Upana huu," nikasema. "Unene huu. Na michembe mchana."

Benchi likaangua kicheko. Mama mmoja akauliza, "Shangazi, wewe unapika nyama au unajenga?" Hata nesi kilimponyoka. Alipojikaza akasema unene ni kama wa kiberiti, basi. Halafu akauliza nyumbani nani anagawa. Shangazi akajifanya anatafuta kadi yake ya kliniki.

"Kuanzia leo agawe huyu."

Njia nzima shangazi alizidi kujitanua kwenye kiti cha bodaboda. Mimi nilikuwa nasikia raha mpaka kwenye magoti.

Wageni wa Kasokola walipokuja tena, upawa ulikuwa wangu. Nilipiga goti mbele ya shangazi kwa heshima zote, nikaukunjua ule mkono wake, nikalaza nyama juu yake na kiberiti pembeni.

"Nyie oneni," nikasema, sauti yangu ndogo ile ile. "Hii imezidi."

Nikakata, nikarudisha chunguni. Hakuna aliyecheka, na sikuhitaji wacheke. Nilikuwa namtazama yeye, jinsi macho yake yalivyokifuata kile kipande mpaka kikazama kwenye mchuzi.

"Una roho mbaya wewe mtoto," akasema. "Kama baba yako."

"Ndiyo, shangazi."

Nikamjazia mlenda mpaka ukingoni mwa sahani. Mlenda nesi hakuuwekea kipimo.